Mumbai na watoto: mwongozo kamili wa kumzoesha mtoto jiji, mtaa mmoja kwanza

Wazazi wengi wanaokuja Mumbai na watoto, iwe kwa kumsindikiza mgonjwa, kwa masomo au kwa biashara, hukwama mahali pamoja. Siku ya pili tu wanambeba mtoto hadi Gateway of India, lile lango la mawe kando ya bahari, wanaunganisha na soko, jioni wanamalizia ufukweni. Mtoto anarudi analia, kichwa kinamgonga. Kuanzia hapo hataki kutoka. Anabaki chumbani na simu mpaka siku ya kupanda ndege.

Nami nilifanya hivyo hivyo. Jumapili yetu ya kwanza niliwabeba wanangu wawili kwa boti, teksi na miguu, tukarudi saa mbili usiku mdogo ametapikia begi langu. Siku nne hawakutaka hata kushuka ngazi za jengo.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia upande wa pili: mtaa kwanza, jiji baadaye. Unamfaa mtoto wa miaka 5 hadi 12 na familia itakayokaa wiki tatu au zaidi. Sisi tulikaa Dadar, katikati ya jiji, kwa hiyo mifano mingi ni ya huko. Ukikaa Andheri au Sion, badilisha majina ya mitaa, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti na viza ya kila mtoto, hata mchanga. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ni ya kila mmoja aliyefikia umri wa kuchanjwa, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia India.
- Adapta ya umeme. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi zao, ambazo zina matundu ya mviringo.
- Pakiti za ORS, kipimajoto, dawa ya kujipaka dhidi ya mbu. Denge ipo, hasa mvua zikianza.
- Ndala au kandambili zinazovuka haraka, pamoja na soksi nene za kila mtoto. Sababu ya soksi utaiona kwenye hatua ya saba.
- Chupa ya maji ya kila mtoto yenye jina lake. Si ya kushirikiana.
- Rupia za noti ndogo: 10, 20, 50. Wauzaji wengi wa Mumbai hulipwa kwa simu, mteja anapiga picha mchoro uliobandikwa kibandani na pesa zinaingia. Noti ya 500 asubuhi kwa muuza chai ni ugomvi, hana chenji.
- Daftari dogo na kalamu. Hili ndilo litakalofanya kazi kuliko vyote.
- Kadi ya mfukoni yenye jina la mtoto, namba yako ya India na anwani mnapokaa, ikiandikwa kwa Kiingereza na kwa maandishi ya Kimarathi, lugha ya wenyeji wa Mumbai. Mwombe mlinzi wa jengo akuandikie.

Namba za dharura: 112 kwa polisi na msaada wowote, 108 kwa gari la wagonjwa, 1098 kwa mtoto aliyepotea au aliye hatarini. Ziandike nyuma ya kadi hiyo.

Kuhusu msimu: Novemba hadi Februari ndio wakati mzuri. Mei ni joto la kufungia watu ndani, ingawa ndio msimu wa embe. Juni hadi Septemba ni mvua, na mvua ya Mumbai hufunga reli na kujaza barabara maji ya magotini. Ukilazimika kuja miezi hiyo, punguza matarajio na ongeza michezo ya ndani.

## Hatua ya 1: Fundisha majina ya ndugu kabla ya ndege

Anza hapa, maana hapa ndipo watoto wetu huchanganyikiwa kuliko kwenye pilipili.

Siku moja, binti yangu mdogo alibaki nyuma kidogo kwenye njia ya soko la maua. Akapiga kelele kumwita mkubwa wake: "Dada! Dada!" Wanaume watatu waligeuka. Mmoja, aliyekuwa anapima maua ya machungwa kwenye mzani, aliweka shada chini na kumjibu kwa Kimarathi, uso wote ukiwa swali. Kwa Kimarathi "dada" ni kaka mkubwa. Kwa Kihindi ni babu mzaa baba.

Mfundishe orodha hii kama mchezo, jioni mbili tatu kabla ya safari:

"Mama" kwa Kihindi ni mjomba. "Kaka" ni ami, baba mdogo. "Nana" ni babu mzaa mama. "Bibi" ni mke. Na "chini", ambako mtoto ataona kitu kimeanguka, kwao ni sukari.

Watoto hucheka mpaka wanalia wakisikia kwamba mjomba anaitwa mama. Waache wacheke sasa, nyumbani, wasije wakacheka mbele ya mjomba wa mtu.

Kisha wape maneno ya kuwaitia watu. Mwanamke kijana ni "didi". Mtu mzima wa makamo ni "anti" au "anko", na hapo huwezi kukosea. Bibi mzee wa Kimarathi ni "aji". Mwanamume wa rika la baba yake anaweza kumwita "kaka", na kwa mara moja neno letu litampeleka mahali panapofaa.

Shikamoo nayo ina mkono wake: viganja viwili pamoja kifuani, kichwa kikiinama kidogo, "namaskar". Mtoto aliyelelewa na shikamoo hulishika hili siku moja. Mzee wa ghorofa ya pili kwetu alipoamkiwa hivyo na watoto wa Kiafrika, mlango wake haukufungwa tena hadi tunaondoka.

Umefaulu pale mtoto anapomsalimia mlinzi wa jengo bila wewe kumsukuma bega.

## Hatua ya 2: Siku tatu, mtaa mmoja

Siku tatu za kwanza usivuke barabara kubwa. Namaanisha hivyo.

Chagua mzunguko wa dakika 15: jengo lenu, duka la vitu vidogo, kibanda cha chai, muuza matunda, rudi nyumbani. Uzunguke asubuhi na jioni, njia ileile, upande uleule. Siku ya kwanza mtoto atasikia honi tu. Siku ya pili ataona paka wa duka la dawa. Siku ya tatu atakuonyesha wewe kitu ambacho hukukiona.

Sababu ni rahisi. Honi, moshi wa ubani, mafuta ya kukaangia, lugha tatu kwa mpigo na watu wanaopita bega kwa bega humchosha mtoto kabla hata hajatembea. Anahitaji kitu kimoja ambacho hakibadiliki. Kibanda kilekile na mtu yuleyule ndicho hicho.

Mfundishe na kichwa. Mtu wa Mumbai akikubali hutikisa kichwa kushoto na kulia, kama anayepima uzito wa sikio. Kwetu hiyo ni kama "hapana, labda". Kwao ni ndiyo, au sawa, au nimekusikia endelea. Mtoto wangu mkubwa alidhani muuza matunda anamkatalia, akarudisha ndizi mezani mara mbili.

Onyo kuhusu kuvuka: magari hupita kushoto kama kwetu, hilo ni nafuu, lakini pikipiki hutoka kokote. Usivuke peke yenu. Subiri kikundi cha wenyeji, kaa upande wa ndani wa kikundi, mshike mtoto kifundo cha mkono na si vidole.

Mnaweza kuingia hatua ya tatu mtoto akishajua kuwaongoza kurudi nyumbani bila kuuliza.

## Hatua ya 3: Mpe mtoto kazi ya duka

Mtoto anayebebwa kama mzigo huona mizigo. Mpe kazi.

Siku ya nne, kazi ni kununua chai. Chai ya kibandani huitwa "kating", yaani glasi ndogo, nusu ya kawaida. Ina tangawizi au iliki, inachemshwa mpaka inapanda ukingo wa sufuria, inashushwa, inapanda tena, kisha inamiminwa kutoka juu kupitia kichujio cha kitambaa. Mtoto asimame aangalie, mwenye kibanda atamwonyesha mmimino mrefu bila kuombwa. Kisha alipe yeye: "Kitna?" ni kiasi gani. Sisi tulilipa rupia 10 hadi 15. Ahesabu chenji mwenyewe.

Kazi ya pili ni daftari. Mwambie asake maneno anayoyajua tayari. Wanangu hawakuamini mpaka waliposikia kwa masikio yao: chai, chapati, sabuni, kalamu, kitabu, rangi, pesa, bandari, barafu, gari, duka. Matamshi yanapinda kidogo tu, "paisa", "baraf", "gadi", "dukan". Hata bima ni bima. Na ukitaka mtu aache kukuongezea wali, sema "bas", ndiyo "basi" yetu yenyewe.

Kwa muuza matunda ndipo utajiri ulipo. Kwa Kimarathi pera ni "peru", papai ni "papai", nanasi ni "ananas", na viazi mviringo ni "batata", vilevile kama mtu wa Unguja anavyosema mbatata. Binti yangu alinyoosha kidole kwenye mapera akasema "mapera", muuzaji akasema "peru", wakatazamana kama watu waliokutana na ndugu stendi. Alipewa moja bure, limekatwa vipande vinne na kupakwa chumvi na pilipili nyekundu. Alikula yote, mtoto ambaye nyumbani hali kitu chenye mbegu.

Laki nayo ni laki, 100,000. Mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma bei za nyumba kwenye mabango kabla yako.

Hapa kuna mtego mmoja wa lugha: kwa Kihindi "kal" ni jana, na ni kesho pia. Muuzaji akikuambia kitu kitakuwepo "kal", muulize siku kwa jina.

Maneno 20 kwenye daftari yanatosha kuhamia hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Chakula, kwa ngazi

Wazazi wanakosea kwa kuanzia juu. Wanampa mtoto bakuli la mchuzi mwekundu, mtoto anaungua, halafu wiki nzima ni chipsi.

Ngazi ya chini: wali na dengu, roti, mtindi, ndizi, na idli. Idli ni kama kitumbua kilichopikwa kwa mvuke bila sukari, cheupe, laini, hakina pilipili kabisa. Kwenye migahawa ya watu wa kusini mwa India hupatikana tangu alfajiri.

Ngazi ya kati: dosa, chapati nyembamba ya mchele na jamii ya dengu inayokuja imekunjwa ndefu kuliko sahani. Watoto huiagiza kwa urefu wake. Na batata vada.

Hapo kwenye vada nisimame kidogo. Nilikwenda kibandani nikaomba "kachori", nikijua kachori ninayoijua mimi, kiazi kilichopondwa na kuchovywa kwenye unga wa dengu. Nikapewa kitu kama andazi gumu lililojaa dengu na viungo. Watoto walinitazama kwa huzuni. Kachori yetu, kwa Mumbai, jina lake ni batata vada. Ikiwekwa ndani ya mkate mdogo wa mraba inakuwa vada pav, chakula cha jiji zima, cha mwanafunzi na cha karani. Waambie wasipake chatini ya kijani wala unga mwekundu wa kitunguu saumu: "tikha nahi", bila ukali.

Ngazi ya juu ni vitafunwa vya mtaani: bhel, sev puri na pani puri. Bhel, bisi za mchele zenye vitunguu na chatini, ni sawa kwa mtoto mkubwa. Pani puri ndani yake ni maji yasiyochemshwa. Mimi sikuwapa kabisa, na sijuti.

Maji ni ya chupa, kizibo kikiwa hakijakatwa. Juisi ya miwa ni tamu, lakini sema "baraf nahi", bila barafu.

Kwenye pakiti za dukani tafuta alama: duara la kijani ndani ya mraba maana yake hakuna nyama, samaki wala mayai. Alama ya kahawia maana yake kimojawapo kipo. Mpe mtoto kazi ya kukagua. Nyama ya ng'ombe usiitafute, sheria ya jimbo imebana. Ukiandikiwa "mutton", mara nyingi ni mbuzi. Wanaotaka halali hawapati taabu, hasa maeneo ya Mohammed Ali Road.

Jambo moja la adabu ambalo hakuna aliyeniambia: kitu kilichoguswa na mdomo wako huitwa "jutha", na humpi mtu mwingine. Mtoto wetu amezoea kuuma andazi na kumgawia mwenzake upande wa pili, kwetu ndio upendo. Kule mwenzake atarudi nyuma. Utaona pia watu wakinywa maji kwa kumimina kutoka juu, chupa haigusi midomo. Wafundishe wanao mchezo huo bafuni kwanza, wakiwa hawajavaa.

Mkono wa kulia wa kulia chakula hauhitaji somo. Hata chooni kuna kopo na maji kama nyumbani.

## Hatua ya 5: Waandae kwa macho ya watu

Usiiruke hatua hii kwa sababu inakutia aibu kuizungumza.

Mtoto Mwafrika Mumbai anatazamwa. Wengi ni kwa uzuri tu: shavu litabanwa, nywele zitaguswa, na kila baada ya hatua kumi mtu ataomba selfi. Wachache ni kwa ubaya, na neno "kalu", yaani mweusi, litasikika, mara nyingi kwa vijana wakiwa kundi.

Tulikubaliana kanuni tatu nyumbani. Selfi ni uamuzi wa mtoto, si wangu wala wa anayeomba, akisema hapana, mimi ndiye nitakayeisema kwa sauti: "Nahi, anko." Nywele hazishikwi bila ruhusa. Na likija neno baya, hatujibu, tunaondoka pamoja, tunalizungumza tukifika.

Waambie pia kwamba wao si Waafrika wa kwanza kufika. Katika India wapo Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, wanaoishi hasa Gujarat na Karnataka. Kwenye pwani, kusini mwa Mumbai, kuna ngome ya Janjira, juu ya mwamba katikati ya bahari, iliyotawaliwa na Wasiddi kwa karne kadhaa. Binti yangu alilihifadhi hilo. Mtoto wa jengoni alipomuuliza kwa nini nywele zake ziko hivyo, alimjibu, "Kawaulize wa Janjira."

Mtakutana na watoto wanaoomba kwenye taa za barabarani, wa umri wa wanao. Usimwambie mtoto atazame pembeni. Sisi tuliamua kutotoa pesa dirishani, tukawa tunabeba biskuti, na niliwaambia wanangu ukweli kwamba biskuti haitoshi.

## Hatua ya 6: Treni

Treni za mjini ndizo mishipa ya Mumbai, na ndizo zinazoua wasiojua. Milango ya treni za kawaida huwa wazi safari nzima, na treni husimama kituoni kwa sekunde tu. Kwa hiyo safari ya kwanza ipangwe kama operesheni.

1. Chagua Jumapili asubuhi, au siku ya kazi kati ya saa sita na saa tisa mchana. Asubuhi watu wote wanaenda kusini, jioni wote wanarudi kaskazini. Saa hizo usiingie na mtoto, hata kama wenyeji wanakuambia hakuna shida.

2. Nendeni kwa teksi hadi Churchgate, mwanzo wa njia ya magharibi. Treni hufika pale na kushusha watu, mnapanda mkiwa na nafasi ya kukaa. Kupandia katikati ya njia ni somo la wiki nyingine. Usitafute bajaji: zinaitwa riksha, na sheria haziruhusu zishuke kusini ya Bandra na Sion. Wanangu waliona nchi ya Bajaj isiyo na bajaji ni kichekesho.

3. Kata tiketi dirishani. Daraja la pili linaanzia rupia 5, chini ya miaka 5 ni bure. Kuna pia treni zenye viyoyozi na milango inayojifunga, nauli ni kubwa zaidi. Kwa mtoto mwoga anza na hiyo.

4. Mpe mtoto kazi ya kusoma ubao: S ni ya kusimama kila kituo, F ni ya haraka. Mnataka S.

5. Mama na watoto wadogo waingie behewa la wanawake, lina mchoro wa mwanamke ubavuni. Humo ndimo maisha yalipo. Watu wanamenya mboga za jioni, wanauza hereni na vibanio kwa fungu, wanapakata watoto wa watu wasiowajua. Mwanangu mdogo alipakatwa na mama aliyekuwa anachambua majani ya uwatu, akashushwa Dadar akiwa na vidole vya kijani.

6. Kituo kimoja kabla ya chenu, simameni na sogeeni mlangoni, lakini ndani ya nguzo. Treni isimame kabisa. Mtu mzima mmoja ashuke kwanza, watoto katikati, mwingine nyuma. Ukiwa peke yako na wawili, shukeni mkiwa mmeshikana. Mkipitiliza, mmepitiliza, shukeni kinachofuata. Hakuna kituo cha kurukia.

Siku nyingine ya kazi, mwendo wa saa tano na nusu asubuhi, rudini Churchgate bila kupanda chochote. Simameni kando ya mlango mkubwa muwatazame wabeba vyakula, dabbawala, wenye kofia nyeupe. Wanakusanya chakula kilichopikwa majumbani, wanakifikisha ofisini kwa treni, baiskeli na kichwa, na mchana wanarudisha vyombo vitupu kwa wenyewe. Kazi hiyo imekuwapo tangu 1890. Juu ya kila kifuniko kuna alama za rangi, herufi na namba, ndiyo anwani nzima. Msisimame njiani mwao, hawasimami. Usiku huo wanangu walijitungia alama zao wenyewe kwenye vyombo vya chakula: rangi ya ghorofa, namba ya mlango, herufi ya jina.

## Hatua ya 7: Nyumba za ibada, moja kwa siku

Mumbai ina mahekalu, misikiti, makanisa, masinagogi, gurdwara za Masingasinga na mahekalu ya Wajaini, waumini wasiodhuru kiumbe hai, wakati mwingine kwenye mtaa mmoja. Mpeleke mtoto kama mgeni anayebisha hodi.

Viatu vinavuliwa hekaluni, msikitini na gurdwara. Sasa zile soksi: mawe ya uani saa saba mchana yanachoma kama kikaango, na mtoto anayeruka-ruka hekaluni huwa kichekesho cha watu. Kwa Wajaini vua hata mkanda wa ngozi. Gurdwara kila mtu hufunika kichwa, hata mvulana, na baada ya hapo mnakaribishwa kukaa chini na kula chakula cha bure pamoja na wote. Mtoto amalize alichopewa. Mahekalu ya moto ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, hayapokei wasio Waparsi, mtayaona kwa nje tu. Picha, uliza kwanza.

Ninayoipendekeza kwa mtoto wa pwani ni Haji Ali. Kaburi na msikiti viko baharini, na njia ya kufikia hufunikwa maji yakijaa. Kabla ya kwenda, mwambie atazame mwezi na akuambie kama ni bamvua. Mtoto wa Tanga au Lamu analijua hilo kuliko dereva wa teksi. Nendeni maji yakiwa yanatoka, si yanaingia.

Hekalu la Siddhivinayak liepuke Jumanne, foleni ni ndefu mno kwa mtoto.

## Hatua ya 8: Mtafutie wenzake

Hii haina maelezo mengi. Nenda Shivaji Park, uwanja wa Dadar, saa kumi na moja jioni na mpira wa tenisi mkononi.

Kriketi ya vichochoroni haina usajili. Mtoto asimame karibu na mpaka, mpira ukimjia aurudishe. Mara ya tatu wataita. Sachin Tendulkar, nyota wa kriketi wa India, alijifunza kwenye uwanja huohuo, na watoto watamwambia mwanao hivyo ndani ya dakika tano. Asiyependa kriketi aulize nani ana keram jengoni. Keram ni ileile ya barazani kwetu, ila usishangae wakimfunga vibaya.

## Hatua ya 9: Sikukuu bila kukanyagwa

Sikukuu za Mumbai hutoka nje, barabarani. Uzitazame kutoka kwenye kingo.

Ganesh Chaturthi, Agosti au Septemba: sanamu za Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, hukaa mitaani siku kadhaa, kisha hupelekwa majini. Mpeleke mtoto kuona sanamu ya mtaa wenu siku za mwanzo, asubuhi, atapewa modak, kitu kama kitumbua chenye nazi na sukari guru ndani. Siku ya mwisho, ya kutumbukiza baharini, ufukwe wa Girgaon Chowpatty si mahali pa mtoto. Tazameni dirishani.

Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, mwezi Machi: nguo kuukuu, mafuta ya nazi kwenye nywele na ngozi ili rangi itoke, na ndani ya uwanja wa jengo lenu tu. Diwali, Oktoba au Novemba: taa ni nzuri, fataki ni nyingi, moshi ni mzito. Mtoto mwenye pumu afungiwe madirisha.

## Hatua ya 10: Sasa ndiyo siku kubwa

Wiki ya tatu, na si kabla, nendeni kisiwa cha Elephanta. Boti zinaondokea Gateway of India, karibu saa moja kwenda. Ondokeni na za mwanzo asubuhi. Kisiwani kuna ngazi nyingi, na nyani wanaonyang'anya chochote chenye harufu ya chakula. Begi lifungwe, ndizi ziishie botini, tumboni mwenu. Mapango yana mungu Shiva wa nyuso tatu aliyechongwa mwambani, mkubwa kuliko basi kwa kimo. Mtoto atafute kila uso una hali gani. Jumatatu pamefungwa.

Kitu kimoja kwa siku moja. Makumbusho ya Chhatrapati Shivaji Maharaj yana jengo la watoto peke yake, ni siku nyingine. Bustani ya wanyama ya Byculla ina pengwini, siku nyingine tena, na Jumatano haifunguliwi.

Mtoto akigoma katikati ya safari, msikae mkabishana. Kaeni kivulini, maji, biskuti, teksi, nyumbani. Kesho yake asubuhi mpe rupia 20, ashuke nawe kwenye kibanda cha chai.